Maswali ya Wasomaji: Msaidizi Aliyemo Ndani ya Gari

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimegusa jambo moja, nalo ni kwamba magari mapya yamejaa vifaa vya kumsaidia dereva, na dereva mwenyewe hajui kama avishukuru au aviepuke. Nimechagua barua ambazo maswali yake yanaulizwa na wengi, na nitazijibu kwa msimamo ambao sitauficha. Kifaa kinachokaa kimya kikisubiri dakika ya hatari ni rafiki wa kweli wa dereva. Kile kinachomchukulia dereva kazi yake, kisha kikamwachia jukumu la kukaa akikilinda kisikosee, kinahitaji tahadhari kubwa kuliko inavyoelezwa na wanaokiuza.

Swali: Mwanangu ameninunulia gari jipya badala ya lile nililoliendesha kwa miaka mingi. Ninamshukuru, lakini gari hili halinyamazi. Linalia nikikaribia mstari, linalia nikizidisha mwendo kidogo, na wakati mwingine usukani unavutwa mkononi mwangu kana kwamba kuna mtu mwingine anayeushika. Je, ninaweza kuvizima vyote nikaendesha kwa amani? *Mzee Dereva*

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Usivizime vyote, ingawa vipo ambavyo unaweza kuvizima bila kujilaumu.

Tuanze na usukani, maana ndio uliokukera zaidi. Juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera ndogo inayofuatilia mistari iliyochorwa barabarani. Ikiona gari linausogelea mstari ilhali indiketa haijawashwa, kompyuta huamini kwamba dereva amesinzia au ameshughulishwa na jambo jingine, na ndipo usukani unaposukumwa taratibu kuelekea katikati ya njia. Ukiwasha indiketa kabla ya kuhama njia, mfumo hutulia, kwa sababu umekwisha kuujulisha kwamba unajua unachokifanya. Madereva wengi wenye uzoefu hukwepa shimo au mwendesha baiskeli bila kuwasha indiketa, na ugomvi na usukani huanzia hapo. Nguvu inayotumika ni ndogo, hivyo ukiushika usukani imara utalielekeza gari unakotaka. Hata hivyo, penye mistari iliyofutika, au penye ukarabati ambapo mistari ya zamani na mipya imepishana, kamera inaweza kufuata mstari usiostahili. Katika barabara za namna hiyo, zima kifaa hiki, nawe utakuwa umefanya uamuzi wa dereva mwangalifu.

Mlio wa mwendo una historia yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalosajiliwa ni lazima liwe na mfumo unaosoma vibao vya mwendo na kumwonya dereva anapovuka kikomo. Sheria inamruhusu dereva kuuzima, lakini unajiwasha tena kila gari linapowashwa, na ndiyo maana wenye magari hayo hudhani kwamba kitufe kimeharibika. Mfumo hukosea pia, kwani unaweza kusoma kibao kinachohusu barabara ya pembeni ukakuonya wewe uliye kwenye barabara kuu. Ukikosea mara nyingi katika njia unayoifahamu vizuri, uzime kwa safari hiyo na uutazame mshale wa mwendo kwa macho yako.

Viwili nakusihi usiviguse. Cha kwanza ni breki ya dharura inayojifunga yenyewe. Cha pili ni mfumo wa kulidhibiti gari lisiteleze, ambao kitufe chake huwa na picha ya gari lililoacha michirizi miwili iliyopinda nyuma yake. Huo huzimwa pale tu gari linapokwama kwenye matope au mchanga na magurudumu yanahitaji kuzunguka ili lijinasue, na ukishatoka huwashwa mara moja.

Mwombe mwanao mkae garini likiwa limeegeshwa, mfungue kitabu cha maelezo, mpitie mlio mmoja baada ya mwingine. Kinachochosha zaidi katika milio hiyo ni kutojua inasema nini.

Swali: Ninatafuta gari lililotumika na fedha zangu si nyingi. Muuzaji ananisifia skrini kubwa, paa la kioo na taa za rangi ndani ya gari. Ni kifaa kipi nisikubali kukikosa? *Mnunuzi Mpya*

Jibu: Hayo aliyokusifia yanapendeza macho, lakini hakuna hata moja ambalo lingekuwa la kwanza katika orodha yangu. Anza na vitu ambavyo muuzaji hawezi kukuonyesha kwa kidole.

Mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga wakati wa breki, unaojulikana kwa herufi ABS, ulianza kuuzwa mwaka 1978 katika magari ya Mercedes-Benz kutokana na kazi ya kampuni ya Bosch, na leo karibu kila gari linao. Huibana na kuiachia breki mara nyingi ndani ya sekunde moja ili gurudumu liendelee kuzunguka na usukani uendelee kutii. Unapofanya kazi, pedali hutetemeka kwa nguvu chini ya mguu, na dereva asiyeijua hali hiyo hushtuka akaondoa mguu katika sekunde ileile anayohitaji kuukandamiza. Ukinunua gari, tafuta mahali palipo wazi na salama pasipo na magari, ufunge breki kwa nguvu zote mara moja, ili mguu wako uuzoee mtetemeko huo kabla hujauhitaji.

Wa pili, na kwangu ndio ulio muhimu zaidi, ni mfumo wa kudhibiti utelezi uliotokea mwaka 1995. Unalinganisha upande ambao usukani umeelekezwa na upande ambao gari linakwenda kweli, na vikitofautiana hufunga breki ya gurudumu moja tu ili kulirudisha gari kwenye mkondo. Hakuna dereva mwenye pedali ya kila gurudumu, hivyo kompyuta hapa inafanya kazi ambayo binadamu hawezi kuifanya hata awe hodari kiasi gani. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba mfumo huu hupunguza kwa takriban nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake.

Baada ya huo, tafuta breki ya dharura inayojifunga yenyewe. Uchambuzi wa ajali za nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba magari yenye breki hiyo yaligonga mengine kwa nyuma pungufu kwa asilimia 38 kuliko yasiyo nayo.

Siku ya kulikagua gari, geuza ufunguo bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya ABS, ya utelezi na ya mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka kwa muda mfupi kisha zizime. Taa inayobaki ikiwaka inaonyesha kwamba mfumo una hitilafu. Isiyowaka kabisa inatia shaka zaidi, kwani huenda kuna mtu aliyeikata ili mnunuzi asiione. Kisha inama utazame tairi, kwa kuwa mifumo yote hii hufika barabarani kupitia mpira wa tairi nne tu, na hakuna kompyuta inayoweza kulisimamisha gari lenye vipara.

Swali: Gari langu linashika mwendo lenyewe, linaacha nafasi na gari la mbele, na linakata kona za barabara kuu bila mimi kugeuza usukani. Katika safari ndefu nimeanza kusoma ujumbe kwenye simu, na mke wangu amekasirika. Mimi naona kompyuta haichoki kama binadamu. Nani yuko sahihi? *Msafiri wa Mbali*

Jibu: Ndugu yangu, mke wako yuko sahihi, na ninakuomba uisome sababu yake mpaka mwisho.

Mwaka 2014 chama cha wahandisi wa magari cha SAE kilitoa mpangilio wa ngazi za magari kujiendesha, kuanzia sifuri hadi 5. Gari lako, kama yalivyo karibu yote yenye uwezo uliousimulia, liko ngazi ya 2, ambapo gari linaweza kushika usukani na mwendo kwa pamoja, lakini dereva ndiye anayeitazama barabara na ndiye anayeendesha. Ngazi ya 3, ambayo gari lenyewe hubeba jukumu katika mazingira maalumu, ilianza kwa hadhari kubwa: Honda ilipoipeleka barabarani nchini Japani mwaka 2021, ilikodisha magari 100 tu, na mfumo wake ulikuwa wa kutumika kwenye foleni za barabara kuu katika mwendo mdogo. Ukiwa na gari la ngazi ya 2 na macho yako yako kwenye simu, gari hilo halina dereva.

Unasema kompyuta haichoki, na hilo ni kweli. Anayechoka ni wewe, na kinachokuchosha ni kukosa la kufanya. Mwaka 1948 mtafiti Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio aliyoyafanya baada ya kuona kwamba waliokuwa wakitazama rada wakati wa vita walikosa ishara kadiri muda ulivyopita. Aliwakalisha watu mbele ya saa yenye mshale mmoja uliosogea hatua kwa hatua, na mara chache sana mshale uliruka hatua mbili kwa pamoja. Kazi yao ilikuwa kuutambua mruko huo. Ndani ya nusu saa ya kwanza uwezo wao ulikuwa umeshuka, nao walikuwa watu wenye afya waliojua kwamba wanapimwa. Binadamu ni mtendaji mzuri na mlinzi dhaifu. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliligusa tatizo hilohilo alipoandika kuhusu viwanda vinavyojiendesha: mashine inachukua kazi nyepesi, inamwachia mtu zile ngumu na za ghafla, na kwa kumwondolea mazoezi ya kila siku inamfanya asiwe tayari siku anapohitajika. Alikuwa akizungumzia vyumba vya mitambo, lakini ukiyasoma maelezo yake leo utaliona gari lako.

Sasa fikiri namna hatari yenyewe inavyokuja. Mfumo wa kushika mwendo katika magari mengi hutegemea rada, na rada hupokea mwangwi wa kila kitu kilichosimama: vibao, vyuma vya kingo, vifuniko vya mitaro. Kama gari lingefunga breki kwa kila kimoja, usingeweza kusafiri. Kwa hiyo mifumo mingi, katika mwendo mkubwa, huvipuuza vitu vilivyosimama ambavyo haikuviona vikitembea kabla. Chukua mfano wa gari lililo mbele yako linalohama njia ghafla, na mbele yake kumbe kuna lori lililoharibika na kusimama. Gari lako, ambalo lilikuwa likilifuata lile la kwanza kwa utulivu, linaona njia imefunguka, na linaweza hata kuongeza mwendo. Watengenezaji wenyewe wameandika onyo hili katika vitabu vya maelezo, katika kurasa ambazo wanunuzi wachache huzifikia.

Katika kilomita 100 kwa saa, gari hupita karibu mita 28 kila sekunde. Mtu aliyekuwa akisoma ujumbe anahitaji kuinua macho, kuelewa anachokiona, kuamua, kisha kutenda. Hayo yote yakichukua sekunde tano, gari limekwenda mita 140 kabla mguu haujagusa breki.

Sikuambii uache kukitumia kifaa hicho. Katika barabara kuu iliyo wazi kinapunguza uchovu wa mguu na kinasaidia kutunza nafasi, na katika foleni ndefu kina manufaa ya kweli. Kitumie mikono ikiwa kwenye usukani na macho yakiwa mbele, na simu iwe kwenye mkoba ulio kiti cha nyuma. Wapo pia wanaoning'iniza kitu kizito kwenye usukani ili kukidanganya kihisio cha usukani kidhani kuna mkono, na watengenezaji wengine wamelazimika kuongeza kamera inayofuatilia macho ya dereva. Natumaini hujafika huko. Mfumo ukikutaka ushike usukani, unakudai kazi ambayo bado ni yako.

Swali: Kokoto ilipasua kioo cha mbele cha gari langu, nikabadilishiwa kioo katika gereji moja. Tangu hapo gari linafunga breki lenyewe barabarani pasipo na kitu. Nusura nigongwe kwa nyuma. Fundi anasema kioo hakihusiani na breki. *Mwenye Wasiwasi*

Jibu: Kinahusiana sana, na usikubali kuambiwa vinginevyo. Kamera inayoiongoza breki ya dharura hutazama kupitia kioo hicho, na mara nyingi kishikizo chake kimegandishwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kikibadilishwa, kamera inapaswa kupangwa upya kwa vipimo vya mtengenezaji, ama gari likiwa limesimama mbele ya ubao maalumu wenye alama, ama kwa kuliendesha umbali fulani huku kompyuta ikijirekebisha. Magari mengine huhitaji njia zote mbili.

Piga hesabu uone uzito wa jambo hili. Kamera ikielekezwa pembeni kwa nyuzi moja tu, kosa ambalo jicho haliwezi kulitambua, kwa umbali wa mita 100 itakuwa inatazama mita 1.75 pembeni ya mahali inapodhani inatazama. Njia moja ya barabara kuu aghalabu ina upana wa mita tatu na nusu hivi, kwa hiyo gari lililoegeshwa ukingoni linaweza kuonekana kana kwamba limesimama mbele yako.

Kujifunga breki bila sababu hutokea pia kwa magari ambayo hayajaguswa na fundi. Kivuli kikali cha daraja, kibao cha chuma kilicho juu ya barabara baada ya kilima, au gari la mbele linalochelewa kumaliza kukata kona, vyote vimewahi kuichanganya mifumo hii. Tope juu ya rada huleta shida vilevile, na bampa lililonyooshwa na kupakwa rangi nene mbele ya rada huleta kubwa zaidi. Kwako wewe, hata hivyo, tatizo limeanza baada ya kioo kubadilishwa, basi lianzie hapo.

Rudi gereji uombe karatasi inayoonyesha kwamba kamera ilipangwa upya baada ya kazi. Wasipokuwa nayo, lipeleke gari kwa mafundi wenye vifaa vya kazi hiyo. Mpaka litengenezwe, hapa ninatoa ushauri ambao kwa kawaida siutoi: izime breki hiyo ya dharura, kwa sababu kifaa kinachoona vibaya kinamhatarisha anayekufuata. Na ninyi ambao vioo vyenu bado ni vizima, muulizeni fundi kuhusu kamera kabla hajaanza kazi.

Swali: Kuongeza joto ndani ya gari langu, ni lazima nibonyeze skrini mara tatu. Rafiki zangu wananiambia nitazoea. Je, ni mimi niliyepitwa na wakati? *Mpenda Vitufe*

Jibu: Hujapitwa na wakati hata kidogo, na ninaamini kwamba waliovihamisha vitufe vyote kwenye skrini wamewakosea madereva. Kitufe unakifikia kwa kupapasa, kidole kinajua kimefika, na macho hayaondoki barabarani. Skrini ni laini kila mahali, hivyo haiwezekani kuitumia bila kuitazama, na gari likirukaruka kidole hutua pasipokusudiwa.

Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi chache za kawaida, zikiwemo kurekebisha joto na kubadili idhaa ya redio, wakiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Gari la mwaka 2005 lenye vitufe vya kawaida lilimaliza kazi zote kwa sekunde 10, ambazo ni mita zipatazo 300. Gari jipya lililofanya vibaya kuliko yote lilihitaji zaidi ya sekunde 40, na lilikuwa limepita zaidi ya mita 1,300 dereva wake akihangaika na skrini. Kinachoniuma ni kwamba magari hayahaya mapya yana kengele ya kumwonya dereva asiyetazama mbele. Aliyemfanya aache kutazama mbele ni mbunifu wa dashibodi.

Mambo yanaanza kubadilika. Shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, limeweka utaratibu kwamba kuanzia mwaka 2026 gari linalotaka nyota tano linapaswa kuwa na vitufe au vishikizo halisi kwa kazi za msingi kama indiketa, taa za dharura, honi na waipa. Joto la ndani halimo katika orodha hiyo, na ningependa liongezwe. Kwa sasa, panga kila kitu kabla ya kuondoka, na uchunguze kama gari lako linakubali kuwekewa njia ya mkato kwenye vitufe vya usukani. Amri ya sauti nayo husaidia pale inapokuelewa.

Swali: Kwa nini taa za magari mapya zinapofusha hivi? *Dereva wa Usiku*

Jibu: Sababu ziko kadhaa na zimekutana kwa wakati mmoja. Taa za LED hutoa mwanga mweupe mkali kutoka eneo dogo, magari marefu yanazidi kuongezeka na taa zao ziko usawa wa macho ya aliye kwenye gari fupi, na wengi huendesha wakiwa na mizigo nyuma bila kuziteremsha taa, ilhali magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kufanyia kazi hiyo. Vipo pia vifaa vinavyopunguza taa kali vyenyewe, lakini kwenye kilima au kona kamera haimwoni anayekuja mpaka taa zimekwisha kumpiga machoni. Dereva mwenye kifaa hicho na azipunguze kwa mkono mara anapouona mwanga ukichomoza. Nawe unayemulikwa, tazama ukingo wa barabara wa upande wako, punguza mwendo, na kioo chako kisafishwe kwa ndani, maana ukungu wa mafuta unaojijenga hapo huutawanya mwanga kuliko tope la nje.

Swali: Mimi na mume wangu tunakwenda kazini kwa gari moja. Nikiendesha mimi, huacha nafasi mbele yangu kwenye foleni. Yeye husema ninawakaribisha wanaochomekea na kwamba ninatuchelewesha. Gari letu lina kifaa cha kutunza nafasi, naye hukiweka kwenye nafasi fupi kabisa. Tunabishana karibu kila siku. *Mama wa Foleni*

Jibu: Mama, endelea kuacha nafasi. Foleni nyingi zinazowakera watu hazina ajali wala kizuizi mbele yake. Zimetengenezwa na kufunga breki kwetu wenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo magari 22 yaliwekwa kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230, na madereva wakaambiwa wafuatane kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa. Hapakuwa na taa, makutano wala mwenye haraka. Mwanzoni yalikwenda vizuri, kisha mmoja akapunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi kwa sababu alichelewa kuliona hilo, na haukupita muda mrefu magari kadhaa yakasimama kabisa, huku sehemu ile iliyosimama ikirudi nyuma kama wimbi kutoka gari hadi gari.

Nafasi unayoiacha ndiyo inayolimeza wimbi hilo. Gari la mbele likifunga breki, wewe unaachia pedali ya mafuta tu, taa zako nyekundu haziwaki, na aliye nyuma yako hana sababu ya kushtuka. Watafiti wa Marekani walipolirudia jaribio hilo la duara, gari moja lililodhibitiwa na kompyuta kwa mwendo ulio sawa lilitosha kuyatuliza magari mengine yote. Kompyuta hiyo, hata hivyo, iliandaliwa kwa kazi hiyo mahsusi. Vifaa vya kutunza nafasi vilivyomo katika magari ya kawaida vimepimwa pia, na vingi vimeonekana kuukuza mtikisiko badala ya kuupunguza, kwa kuwa vinajibu kile tu kilichotendwa na gari moja la mbele. Wewe unayatazama magari matano mbele, unaona taa za breki zikiwaka mbali, unaanza kupunguza mapema. Hapo kifaa hakijakufikia.

Inasimuliwa kwamba Ralph Teetor, mhandisi Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alipata wazo la kifaa cha kushika mwendo kwa sababu wakili wake alikuwa akipunguza na kuongeza mwendo kila alipozungumza, na abiria asiyeona barabara alikihisi kila kitikisiko. Hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ilitoka mwaka 1950, na Chrysler ikaanza kukiuza katika magari ya mwaka 1958. Muulize mumeo kama amewahi kukaa kiti cha abiria akafumba macho huku mtu akiendesha kama anavyoendesha yeye.

Kuhusu kuchelewa, hoja yake ina ukweli kidogo, kwani watu watachomekea. Ila kila gari linaloingia mbele yako linakurudisha nyuma kwa kiasi cha nafasi moja, ambayo ni sekunde mbili hivi. Wakiingia kumi kuanzia nyumbani mpaka kazini, mmepoteza sekunde ishirini, na baadhi yao watakuwa wamehama njia tena kabla hamjafika. Kifaa chenu kiwekeni kwenye nafasi ndefu, na hesabu hii ifanyeni pamoja gari likiwa limeegeshwa.